Namna ya Kufunga Darubini kwenye Bunduki ya Kuwindia bila Kuilazimisha

Bunduki ya kuwindia inapoanza kutawanya risasi, mwenyewe kwa kawaida huilaumu darubini kwanza, kisha risasi, kisha mtutu, na mara nyingi humalizia pale ambapo angepaswa kuanzia: kwenye kishikio, yaani vipande vya chuma vinavyoiunganisha darubini na bunduki. Kishikio kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuishika darubini isisogee hata kidogo bunduki inapopiga teke, na ya pili ni kuishika bila kuipinda. Wengi huikumbuka ile ya kwanza peke yake, wakakaza skrubu kwa nguvu zote za mkono, na kwa kufanya hivyo wanaiharibu ya pili. Kwa hiyo katika kila hatua inayofuata nitarudia kanuni moja, hata kama itachosha: kila kipande kikae mahali pake chenyewe kabla skrubu haijakazwa, na skrubu isitumiwe kamwe kuvuta kipande kilichoenda kombo ili kije kwenye mstari.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini nasisitiza hivyo. Pete mbili za kishikio cha kawaida huachana kwa takriban milimita 100. Pete ya nyuma ikienda kando kwa moja ya kumi ya milimita, ambayo ni kama unene wa karatasi moja ya kuandikia, mstari wa kulenga unageuka kwa sehemu moja kati ya elfu, na kwenye umbali wa mita 100 kosa hilo limekuwa sentimita 10. Kosa la aina hiyo likiwa halibadiliki, unaweza kulirekebisha kwa vizungusho vya darubini, vile vinavyozungushwa ili kusogeza alama ya kulengea. Likiwa linabadilika kila bunduki inapolia, hakuna kizungusho kitakachokusaidia, na atakayelipa ni mnyama anayekimbia na jeraha badala ya kuanguka pale pale. Mwindaji anayemheshimu mnyama hana sababu ya kuifanya kazi hii kwa haraka.

Kabla ya kushika bisibisi

Ondoa magazini, fungua bolti (kile chuma chenye mkono kinachofunga chemba), tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe kwamba hakuna risasi. Toa bolti kabisa na uiweke kando. Risasi zisiwe kwenye meza unayofanyia kazi; ni vyema zibaki chumba kingine. Kazi hii itakulazimu kuugeuza mtutu pande zote na kuweka jicho nyuma yake, na bunduki iliyotolewa bolti ndiyo pekee inayofaa kushughulikiwa namna hiyo.

Bunduki inahitaji kushikwa imara. Jiliwa lenye midomo iliyofunikwa kwa ngozi au raba linafaa, mradi libane kitako au sehemu ya mbao na lisibane mtutu wala bodi, na lisikazwe kuliko inavyohitajika ili bunduki isitikisike. Bodi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ile sehemu ya chuma inayobeba bolti na ambayo mtutu umefungwa mbele yake. Ndiyo itakayobeba kishikio.

Vifaa vingine ni vichache. Unahitaji bisibisi au funguo za alenki zinazoingia kwenye vichwa vya skrubu bila kucheza, pimamaji mbili ndogo, timazi, spiriti ya kusafishia, vijiti vya pamba, na bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukazia. Kuhusu kifaa hiki cha mwisho sina mashaka yoyote: ukiwa na fedha za kununua darubini nzuri, toa kidogo ununue na bisibisi hii. Mkono wa mtu haujui kupima. Mtu yule yule hukaza asubuhi tofauti na jioni, na ufunguo mrefu humdanganya kuliko ufunguo mfupi.

Kuchagua kishikio kinachoafikiana na bunduki na darubini

Vishikio vingi vina sehemu mbili: kikalio, kinachofungwa juu ya bodi, na pete, zinazokumbatia bomba la darubini. Kikalio kinaweza kuwa vipande viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, au reli moja ndefu. Vipande viwili ni vyepesi na huacha nafasi kubwa ya kuingizia risasi kwa mkono. Reli moja hukupa nafasi nyingi za kusogeza pete mbele na nyuma, na huongeza uimara. Kwa bunduki ya kuwindia ya kawaida aina zote mbili zinafaa zikiwa zimetengenezwa vizuri, na sijaona sababu ya watu kuzibishania kama wanavyozibishania.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni kuafikiana kwa vipimo. Mabomba ya darubini huja katika vipenyo vya milimita 25.4, yaani inchi moja, milimita 30, na kwa baadhi ya darubini za masafa marefu milimita 34. Pete lazima iwe ya kipenyo hicho hicho. Reli zinazoitwa Picatinny, ambazo vipimo vyake viliwekwa na jeshi la Marekani mwaka 1995 katika kiwango cha MIL-STD-1913, zina mifereji yenye upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi katikati ya unaofuata ni milimita 10. Vikalio vya Weaver, ambavyo ni vya zamani zaidi, vina mifereji yenye upana wa milimita 4.57, na nafasi kati yake si lazima zilingane. Ndiyo maana pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye reli ya Picatinny, lakini pete za Picatinny mara nyingi hazikai kwenye kikalio cha Weaver, kwa kuwa kipingo chake, yaani chuma kinachoingia ndani ya mfereji, ni kinene kuliko mfereji. Ukiona pete inakataa kushuka, usiisukume wala usiichonge kwa tupa. Umechukua pete isiyohusika.

Bunduki nyingine hazihitaji kikalio cha kufungwa kwa skrubu, kwa sababu bodi yenyewe imechongwa mkia wa njiwa, yaani ukingo wenye kuta za mshazari, unaoshikwa moja kwa moja na pete. Bunduki ndogo za .22 nyingi zina mkia wa milimita 11, na baadhi ya bunduki kubwa, kama CZ 550, zina mkia mpana zaidi wa aina yake. Hapa pia kipimo cha mtengenezaji ndicho mwamuzi, kwa kuwa mikia miwili inayofanana kwa macho inaweza kutofautiana kwa pembe ya kuta zake, na pete ikabana kwa ncha badala ya kubana kwa uso mzima.

Vikalio vya vipande viwili vina mtego mwingine. Katika bunduki kama Remington 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, sehemu ya nyuma ya bodi iko chini kuliko ya mbele, kwa hiyo kikalio cha nyuma kina kimo tofauti na cha mbele. Ukivibadilishana, darubini itainama na vizungusho vitaishiwa nafasi kabla hujaifikia shabaha. Bunduki za kijeshi za Mauser za mwaka 1898 zina matatizo yake: mkono wa bolti ulionyooka na kizuizi cha usalama kinachosimama wima hugonga darubini iliyofungwa chini, na vyote viwili hulazimika kubadilishwa na fundi wa bunduki kabla ya kufikiria kishikio.

Kimo cha pete ndilo swali la mwisho la kuchagua. Darubini ikae chini kadiri inavyowezekana, ili shavu libaki limeegemea kitako wakati jicho linatazama katikati ya lenzi. Lakini iachwe nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya kengele ya lenzi ya mbele na mtutu, nafasi ya vifuniko vya lenzi kama unavitumia, na nafasi ya mkono wa bolti kupanda hadi juu bila kugusa lenzi ya jicho. Mwindaji anayelazimika kuinua shavu ili aone hatalenga vilevile mara mbili, na hilo si kosa ambalo darubini ya bei yoyote inaweza kulifuta.

Kufunga kikalio

Sasa tunafika mahali ambapo makosa mengi huzaliwa, na nitakaa hapa kwa muda.

Toa skrubu ndogo za kuzibia matundu juu ya bodi. Safisha matundu hayo, sehemu ya chini ya kikalio, uso wa bodi na skrubu zenyewe kwa spiriti, mpaka kijiti cha pamba kitoke cheupe. Bunduki mpya huwa na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta yaliyobaki kati ya chuma na chuma hupunguza msuguano unaotakiwa kuzuia kusogea. Kama unaogopa kutu chini ya kikalio, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo sana juu ya bodi kisha uifute. Matundu ya skrubu yabaki makavu.

Weka kikalio mahali pake bila skrubu. Kibonyeze kwa kidole mbele, kisha nyuma, kisha kwenye kila pembe. Kisitikisike. Kwa reli moja, fanya jaribio lililo bora zaidi: funga skrubu za mbele peke yake, kidogo tu, halafu tazama kama kuna mwanga kati ya reli na bodi upande wa nyuma, kisha fungua hizo, funga za nyuma, utazame mbele. Ukiona mwanga, bodi na reli havilingani, na ukikaza skrubu zote utakuwa unaipinda reli ifuate bodi. Reli iliyopindwa huzipinda pete, na pete hulipinda bomba la darubini. Suluhisho ni ama kuweka kipande chembamba cha bati la shaba chini ya upande unaoelea, kilichokatwa kwa unene ule ule wa pengo, ama kumwaga gundi ya epoksi yenye unga wa chuma chini ya upande huo, baada ya kupaka bodi nta ya kuzuia isishike. Skrubu za upande unaogusa ndizo zinazokazwa. Za upande unaoelea zinaachwa legevu mpaka epoksi ikauke. Epoksi inapokauka inakuwa imejaza pengo bila kuilazimisha reli, na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye subira ya kusubiri usiku mmoja.

Skrubu za kikalio huwa na urefu tofauti, na kila moja ina tundu lake. Skrubu ya mbele kabisa huingia juu ya nyuzi za mtutu, na ikiwa ndefu mno itagota kwenye nyuzi hizo, ikajifanya imekaza wakati haikibani kikalio hata kidogo. Inayoifuata inaweza kuchomoza ndani ya njia ya bolti na kuzuia masikio ya bolti (vinundu vinavyoifunga) kuzunguka. Kwa hiyo funga skrubu moja, rudisha bolti, ifungue na kuifunga, toa bolti, kisha nenda kwenye skrubu inayofuata. Unapofunga skrubu bila kikalio na kuhesabu mizunguko, kisha ukaifunga tena pamoja na kikalio, utajua kwa hakika imeshika nyuzi kiasi gani na kama bado ina nafasi. Skrubu iliyo ndefu mno hupunguzwa kwa tupa nchani, kidogo kidogo, na kingo zake kulainishwa kwa msasa.

Bunduki nyingi hutumia skrubu za 6-48, zenye kipenyo cha takriban milimita 3.5 na nyuzi 48 kwa kila inchi. Bunduki zenye teke kubwa hunufaika na skrubu za 8-40, zenye kipenyo cha milimita 4.2 hivi, na mafundi wengi wa bunduki huyapanua matundu ya zamani kwa ajili hiyo. Hiyo si kazi ya mezani nyumbani. Tundu lililotobolewa kombo kwenye bodi ni jeraha la kudumu.

Tone dogo la gundi ya skrubu, ile yenye nguvu ya wastani inayofunguka kwa bisibisi, linafaa kwenye skrubu za kikalio, kwa sababu zinafunikwa na darubini na hutazikagua mara kwa mara. Lakini kumbuka kwamba gundi ikiwa bado majimaji hulainisha nyuzi, na skrubu iliyolainishwa hubana zaidi kwa kipimo kile kile cha bisibisi. Kaza kwa awamu: zote kwanza zishike tu, kisha nusu ya nguvu kwa kupishana mbele na nyuma, kisha nguvu kamili. Kwa skrubu za 6-48 nguvu ya kawaida ni nyutoni-mita 2 hadi 2.5, na kwa 8-40 ni takriban 3. Kama karatasi ya mtengenezaji inasema vingine, fuata karatasi.

Pete, na swali la kuzisaga

Kwenye reli, weka pete kwenye mifereji iliyo mbali iwezekanavyo kulingana na urefu wa bomba, kwa kuwa umbali mkubwa kati ya pete hupunguza athari ya kila kosa dogo. Pete isibane mahali ambapo bomba linaanza kutanuka kuelekea kengele, wala isigusane na nyumba ya vizungusho au pete ya kukuzia. Kabla ya kukaza nati ya pembeni, isukume pete mbele mpaka kipingo chake kiguse ukuta wa mbele wa mfereji. Sababu yake ni ya kimaumbile: bunduki inaporuka nyuma, darubini kwa uzito wake hutaka kubaki pale ilipokuwa, na kwa hiyo huonekana kukimbilia mbele juu ya reli. Kipingo kilichokwisha kuegemea ukuta wa mbele hakina pa kwenda. Nguvu ya nati hizi hutofautiana sana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kuanzia nyutoni-mita 3.5 hadi kupita 7, kwa hiyo hapa usikisie.

Kuna aina ya kishikio ambamo pete ya mbele huingizwa kwa kuzungushwa robo mzunguko ndani ya kikalio, na ya nyuma hushikwa na skrubu mbili za pembeni. Pete hiyo ya mbele huwa ngumu mwanzoni, na kishawishi cha kutumia darubini yenyewe kama wenzo ni kikubwa. Tumia kipande cha mti wa mviringo au fimbo ya chuma yenye kipenyo cha bomba. Darubini iliyotumika kama wenzo imekwisha kupindwa kabla haijafyatuliwa risasi hata moja.

Pete zikishafungwa, ondoa vifuniko vyake na ulaze ndani fimbo ya chuma iliyonyooka, yenye kipenyo sawasawa na bomba. Ikikaa katika pete zote mbili bila kutikisika na bila kuacha mwanga upande wowote, mstari ni mzuri. Ikitikisika, rudi nyuma kwanza: fungua pete, zibadilishane nafasi, geuza moja mbele nyuma, kagua kama kuna uchafu chini yake. Mara nyingi tatizo huisha hapo.

Kusaga pete ni hatua ya mwisho, na kwa maoni yangu watu huikimbilia mapema mno. Hufanywa kwa fimbo ile ile iliyopakwa rojo la kusagia, kama lile ambalo mafundi wa magari hulitumia kwa vali, ikisukumwa mbele na nyuma huku ikizungushwa kidogo, mpaka rangi ya ndani ya pete ionyeshe kwamba sehemu kubwa ya uso inagusa. Usijaribu kutoa rangi yote. Kila unachokisaga kinapanua pete. Pete za ubora wa juu zilizochongwa pamoja hazihitaji kusagwa, na zile zenye vipande vya plastiki ndani vinavyojigeuza vyenyewe, kama za Burris Signature, hazisagwi kabisa. Baada ya kusaga, osha kila kitu kwa spiriti mara mbili, kwa sababu chembe za rojo zikibaki zitalikwaruza bomba.

Kuilaza darubini

Kabla ya kuiweka darubini kwenye pete, fanya mambo mawili yanayosahaulika. Kwanza, itazame anga au ukuta mweupe na uzungushe lenzi ya jicho mpaka msalaba, yaani mistari ya kulengea iliyo ndani ya darubini, uonekane mkali mara tu unapofungua jicho. Pili, rudisha vizungusho katikati. Unaweza kuhesabu miguso (ile midundo midogo ya kizungusho kinapozunguka) kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukarudi nusu, au ukaegemeza lenzi ya mbele kwenye kioo cha kujitazamia, darubini ikiwa kwenye ukuzaji mdogo, na kuutazama msalaba pamoja na kivuli chake kwenye kioo. Vikilingana, uko katikati. Darubini iliyoanzia katikati itakuonyesha ukweli kuhusu kishikio chako: ikibidi uzungushe mizunguko mingi kulia au kushoto ili ifike kwenye shabaha, kikalio kimekaa kombo.

Safisha ndani ya pete na bomba la darubini, pakauke kabisa. Hapa mafuta hayatakiwi, na gundi wala utepe havitakiwi pia, isipokuwa mtengenezaji wa pete ameagiza. Laza darubini, rudisha vifuniko, na kaza skrubu kiasi cha kuiwezesha darubini kusogea kwa mkono bila kuteleza yenyewe.

Sasa tafuta umbali wa jicho. Darubini nyingi za kuwindia zinahitaji jicho liwe kati ya milimita 80 na 100 nyuma ya lenzi. Weka ukuzaji wa juu kabisa, kwa kuwa hapo ndipo nafasi ya jicho huwa finyu zaidi. Vaa nguo utakazovaa porini, funga macho, inua bunduki begani kama kawaida yako, legeza shingo, kisha fungua macho. Duara la picha liwe limejaa. Ukiona ukingo mweusi, sogeza darubini, usisogeze kichwa. Rudia ukiwa umesimama, umekaa na umelala kifudifudi, kwa sababu mtu aliyelala huvuta kichwa mbele kuliko aliyesimama. Ukilazimika kuchagua, chagua mahali panapoiweka darubini mbele zaidi. Bunduki kama .375 H&H Magnum, risasi iliyozaliwa mwaka 1912 na inayotumika hadi leo kwa wanyama wakubwa, itaupasua uso wa mtu aliyeweka lenzi karibu na nyusi.

Baada ya hapo ni kuunyoosha msalaba. Mstari wa wima wa msalaba unatakiwa upite katikati ya tundu la mtutu. Weka pimamaji moja juu ya reli au sehemu bapa ya bodi, na uisawazishe bunduki ndani ya jiliwa. Tundika timazi umbali wa mita 20 au zaidi, mahali pasipo na upepo, na uizungushe darubini mpaka mstari wa wima uulalie uzi wa timazi. Wengi huweka pimamaji ya pili juu ya kifuniko cha kizungusho na kuridhika. Itumie kama mwanzo tu, kwa kuwa kifuniko hakikuahidi kulingana na msalaba ulioko ndani. Umuhimu wa hatua hii hukua pamoja na umbali. Risasi ikishuka sentimita 60 kutoka mstari wa mtutu, mwinamo wa digrii 5 huipeleka kando kwa takriban sentimita 5. Kwenye mita 80 msituni hutaliona kosa hilo, lakini kwenye mita 300 za uwanda wazi litaonekana.

Kaza skrubu za pete kwa kupishana pembe kwa pembe, robo mzunguko kwa kila moja, huku ukichungulia mapengo ya kulia na kushoto kati ya kifuniko na sehemu ya chini yabaki sawa. Kila mara rudi kwenye timazi, kwa maana pete hupenda kuizungusha darubini upande unaokazwa. Nguvu ya mwisho ni nyutoni-mita 1.7 hadi 2.0, ambazo ni sawa na pauni-inchi 15 hadi 18. Watu wakisikia idadi hii huona ni ndogo mno. Si ndogo. Bomba la darubini ni alumini nyembamba, na ndani yake kuna bomba jingine linalobeba msalaba na kusukumwa na vizungusho. Pete inayominya kwa nje huzuia mwendo wa ndani, na mwenye bunduki huona miguso isiyotii, ukuzaji unaokwama, au shabaha inayohama. Pete zilizogawanyika wima badala ya mlalo zina utaratibu wake wa kukaza, na mtengenezaji huueleza.

Kupata shabaha ya kwanza

Bolti ikiwa bado nje, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga na utazame kupitia mtutu kitu kidogo kilichoko mita 25 hadi 50. Bila kuigusa bunduki, zungusha vizungusho mpaka msalaba uangukie kitu hicho hicho. Hii inatosha kuhakikisha kwamba risasi ya kwanza itagonga karatasi.

Kwenye uwanja wa shabaha, anza na mita 25, urekebishe, kisha nenda mita 100. Piga risasi tatu kwa kila kundi, uuache mtutu upoe, na urekebishe kwa kufuata katikati ya kundi, kamwe si kwa kufuata risasi moja. Darubini inayohesabu kwa robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya sitini ya digrii) husogeza pigo kwa takriban milimita 7 kwa kila mguso kwenye mita 100. Inayohesabu kwa moja ya kumi ya mili (mili ni sehemu moja ya elfu ya umbali) husogeza milimita 10. Kabla ya kuondoka, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kutoka pete hadi bomba la darubini, na mwingine kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye pete. Baada ya risasi 20 hivi, tazama mistari hiyo. Mstari uliokatika unakuambia kilichosogea bila wewe kufungua chochote.

Kundi likiendelea kutawanyika, tafuta kwa mpangilio. Makundi mawili mazuri yaliyo mbali mbali huashiria kitu kinachohama kati ya nafasi mbili, aghalabu pete iliyo legevu kwenye mfereji au kikalio kinachotikisika juu ya skrubu ndefu. Mtawanyiko usio na umbo unaweza kutoka kwenye kishikio, lakini pia kwenye skrubu zinazofunga bodi na mbao, kwa hiyo kagua hizo kabla ya kuvua darubini. Pigo linalohama bila kulingana na miguso uliyozungusha linaonyesha pete zinazominya: legeza vifuniko, kaza upya kwa kipimo, na ujaribu tena. Na ukiivua darubini ukakuta bomba lina alama nzito upande mmoja wa pete na nyepesi upande wa pili, usiirudishe; pete hizo haziko kwenye mstari mmoja, na kazi inaanzia tena kwenye kikalio.